Binti yangu anataka kutoka benki aingie ubalozini Marekani: shamba la Rungwe litakuwaje?

*"Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kyimo, wilaya ya Rungwe. Binti yangu ana miaka 36. Alikwenda Marekani kusoma mwaka 2011, akaajiriwa benki mjini Minneapolis, na sasa anashughulikia mikopo ya wafanyabiashara. Grini kadi alipata mwaka 2019. Miaka mitatu iliyopita alikuja kumuuguza mama yake, akakaa miezi saba mpaka tulipomzika. Sasa ananiambia amechoka na benki, anataka kuingia serikalini huko huko na baadaye awe mwanadiplomasia, na ili aingie lazima aape uraia wao. Ndugu wamekuja juu. Mmoja anasema mhamiaji hawezi kuwa balozi hata siku moja. Mwingine anasema ataletwa hapa Dar kuwapeleleza ndugu zake. Mdogo wangu anasema akiapa tu hana chake tena kwenye shamba letu la parachichi, ekari nne, lenye hati ya kimila kwa jina langu. Na kuna kijana hapa aliyewahi kuishi nje, yeye anashauri ashike pasipoti zote mbili na anyamaze, eti wengi wanafanya hivyo. Nimzuie au nimwache? Na shamba nifanyeje?"*

Shikamoo mwalimu. Umri wangu haufikii wako, kwa hiyo hilo la salamu limekwisha. Na pole sana kwa kuondokewa na mama watoto.

Umeuliza mambo mengi kwa mpigo, lakini nikikusoma kwa utulivu naona linalokukosesha usingizi ni moja: mtoto akishaapa kwa watu, anabaki wetu? Kwa damu, hilo ni la kwako na yeye. Kwa sheria lina jibu, tena kavu, na nitakupa. Kabla sijawa wakili nilikaa miaka minane kwenye meza ya mikopo ya benki hapa Mbeya. Leo kazi yangu kubwa ni uraia na mirathi. Kwa hiyo binti yako namwelewa anapotoka, na shamba lako naelewa linapoelekea.

Nianze na huyo ndugu wa "hata siku moja". Amechanganya urais na ubalozi. Katiba ya Marekani inamtaka Rais awe raia wa kuzaliwa. Kwa balozi, au hata Waziri wa Mambo ya Nje, hakuna sharti hilo. Henry Kissinger alizaliwa Ujerumani, Madeleine Albright alizaliwa Prague akapata uraia wa Marekani mwaka 1957, na wote wawili walikuwa Mawaziri wa Mambo ya Nje. Zalmay Khalilzad alizaliwa Mazar-i-Sharif, Afghanistan, akaja kuwa balozi wa Marekani huko huko Afghanistan, kisha Iraq, kisha Umoja wa Mataifa.

Lakini mtu ambaye njia yake inafanana kabisa na ndoto ya binti yako ni Felix Rohatyn. Alizaliwa Vienna mwaka 1928 katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1940 walikuwa wakiwakimbia Wanazi kupitia Ufaransa, na usiku mmoja hotelini mtoto huyo alikaa akisokomeza sarafu za dhahabu ndani ya mirija ya dawa ya meno, ndiyo mali pekee waliyoondoka nayo. Wakapitia Casablanca, Lisbon, Rio de Janeiro, wakafika Marekani mwaka 1942. Akasoma fizikia, lakini riziki ikamwangukia kwenye benki ya uwekezaji ya Lazard, mjini New York.

Mwaka 1975 jiji la New York lilikaribia kufilisika. Hakuna aliyetaka kulikopesha tena. Rohatyn akaitwa kusaidia, ikaundwa taasisi ya kukopa kwa niaba ya jiji, na dhamana ya madeni hayo ikawa kodi ya mauzo ambayo jiji lenyewe haliruhusiwi kuigusa. Wewe mwalimu mstaafu utapenda hiki: Oktoba mwaka ule, saa zikihesabika kabla ya jiji kushindwa kulipa, waliookoa jahazi walikuwa walimu. Chama chao kilikubali mfuko wao wa pensheni ununue hatifungani za dola milioni 150. Kazi ya Rohatyn ilikuwa hiyo: kuwakalisha meza moja wanasiasa, mabenki na vyama vya wafanyakazi, watu wasioaminiana, mpaka watoke na karatasi iliyosainiwa. Unaweza kuiita benki, mimi naiita diplomasia iliyovaa suti ya benki. Miaka 22 baadaye, mwaka 1997, akateuliwa kuwa balozi wa Marekani mjini Paris, akakaa huko hadi mwaka 2000.

Sasa nikutoe raha kidogo. Mlango alioingilia Rohatyn si mlango wa binti yako. Mabalozi wa Marekani wako wa aina mbili. Wapo wateule wa Rais: matajiri, wanasiasa, marafiki, watu wenye jina kama Rohatyn. Na wapo waliopanda ngazi kutoka chini, na kwa miongo mingi hawa ndio wamekuwa wengi zaidi. Wote huthibitishwa na Seneti. Mtu wa mikopo kutoka Minneapolis asiye na jina wala mamilioni anaingia kwa mlango wa pili: mtihani.

Mtihani wenyewe hauna ada. Hauulizi shahada gani unayo. Ukomo wa umri ni mrefu kuliko wa kwetu, kwani mtu anaweza kuajiriwa afisa mpya ilimradi hajatimiza miaka 60, kwa hiyo miaka 36 si kitu. Lakini baada ya mtihani kuna usaili mzito, kisha kipimo cha afya, kisha uchunguzi wa usalama, na hata ukipita yote unawekwa kwenye orodha ya kusubiri nafasi. Ukimaliza miezi 18 hujaitwa, unafutwa na unaanza upya. Wapo waliofanya hivyo mara tatu, mara nne.

Na akishaingia, asitegemee bendera kwenye gari. Maafisa wapya kwa kawaida hupitia kwanza kazi ya ubalozi mdogo: viza. Mwalimu, unamjua mtu wa Tukuyu anayekwenda kuhojiwa viza Dar. Anapanda basi, anakesha barabarani, anashuka macho mekundu na bahasha ya kaki kwapani: taarifa ya benki, barua ya mwajiri, nakala ya hati ya nyumba ya shemeji. Anapanga foleni, anafika kwenye kioo, anahojiwa dakika tatu. Huyo aliye upande wa pili wa kioo, anayesema ndiyo au hapana kwa watu mia kwa siku, ndiye binti yako katika miaka yake ya kwanza. Tena huenda si Dar, huenda ni mji ambao hujawahi kuusikia. Mwulize kama ameshaliwaza hilo. Mtu wa mikopo walau ameshazoea kumwambia mtu hapana akimtazama usoni.

Hapo ndipo benki inaposaidia kweli kweli. Maafisa wale wana njia tano za kazi, na mojawapo ni uchumi. Anayejua kusoma mizania, kujua mkopo upi utalipika na upi ni hadithi, ana kitu ambacho wahitimu wa siasa hawana. Mfano wa kazi ya aina hiyo uko mlangoni kwetu. Barabara ya lami ya Tunduma kwenda Sumbawanga ilijengwa kwa fedha za Marekani, kwenye mkataba wa dola milioni 698 uliosainiwa Februari 2008, Rais Bush alipokuja. Aliyewahi kupita Laela masika kabla ya lami ile anajua nasema nini, maana basi lilikuwa linalala njiani. Nyuma ya lami ile kulikuwa na watu wa Serikali mbili waliokaa miezi wakibishana juu ya masharti, hesabu na nani analipa fidia ya nyumba zilizopitiwa. Awamu ya pili ya fedha hizo haikuja: mwaka 2016 Marekani iliisitisha kwa sababu ya uchaguzi wa Zanzibar. Barabara ni uchumi, uchaguzi ni siasa, na mwanadiplomasia anakaa katikati akila lawama za pande zote.

Nisikudanganye pia kuhusu majira. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID, mabaki yake yakaingizwa Wizara ya Mambo ya Nje, na wizara hiyo hiyo ikapunguza wafanyakazi zaidi ya 1,300 kwa siku moja ya Julai. Ajira ya Serikali kule ilikuwa inasifiwa kwa usalama wake. Leo mtu mwenye kazi nzuri ya benki anayeiacha kwa ajili ya Serikali anapaswa kujua kwamba hakuna kiti kisichoyumba, na kwamba mshahara wa kuanzia unaweza kuwa chini ya anaoupata sasa.

Ndiyo maana, kama angekuwa mdogo wangu, ningemwambia asiruke kutoka benki hadi ubalozini kwa hatua moja. Kuna kituo katikati. Ajira karibu zote za Serikali Kuu ya Marekani zinataka raia, kwa amri ya Rais ya mwaka 1976. Lakini Serikali za majimbo na miji zina taratibu zao, na nyingi huajiri mwenye grini kadi. Jimbo la Minnesota lina idara inayokagua mabenki yaliyosajiliwa na jimbo. Mtu wa mikopo akigeuka mkaguzi wa mabenki amehama meza tu, hajahama fani, na ameonja utumishi wa umma kabla ya kuapa chochote. Akiona haumpendezi, hajapoteza pasipoti yake.

Na kuna njia ambayo haihitaji kiapo kabisa, ambayo naona nyumbani kwako haijatajwa. Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, yote yapo Washington, yanaajiri raia wa nchi wanachama, na Tanzania ni mwanachama. Benki ya Maendeleo ya Afrika ipo Abidjan. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ipo Kampala. Kazi zao ni mkopo, mazungumzo na Serikali, safari, lugha mbili tatu. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni ubalozi. Ushindani ni mkali, lakini anaingia akiwa Mtanzania na anatoka akiwa Mtanzania.

Kwa nini ubalozi wenyewe udai uraia? Watu huona ni ubaguzi, kumbe ni mtambo wa sheria ya kimataifa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, ambao ndio unaongoza balozi zote, unasema katika ibara ya 8 kwamba maafisa wa kidiplomasia kimsingi wawe raia wa nchi inayowatuma. Na huwezi kumtuma mtu ambaye ni raia wa nchi anayopelekwa mpaka nchi hiyo ikubali, na inaweza kubadili mawazo siku yoyote. Sababu ni kinga. Mwanadiplomasia hakamatwi wala hashtakiwi na nchi aliyopo. Sasa fikiria Mtanzania anayefanya kazi ubalozi wa kigeni Dar, amegonga mtu na gari pale Mwenge, halafu anasema nina kinga. Serikali gani ingekubali raia wake wenyewe wasiguswe na mahakama zake? Kwa hiyo mkataba unampa mtu wa namna hiyo kinga finyu, ya matendo ya kazi tu.

Hapo pia pana jibu la ndugu wa upelelezi. Akisharudisha uraia wetu, sheria haimzuii kupangiwa Dar, kama Khalilzad alivyopangiwa Kabul. Lakini balozi hapokelewi mpaka nchi mwenyeji imkubali kwanza, na waajiri wake nao wana mashaka yao: mtu mwenye baba, wajomba na shamba katika nchi fulani wanamtazama mara mbili kabla ya kumpeleka huko. Uwezekano mkubwa ni apelekwe mbali na ninyi, wala si karibu.

Sasa tufike kwa kijana wa pasipoti mbili, maana huyu ndiye hatari kuliko wote waliosema.

Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili. Akiapa uraia mwingine kwa hiari yake, uraia wa Tanzania unakoma siku hiyo hiyo. Hausubiri barua wala kesi. Marekani yenyewe haijali kama una mbili, ndiyo maana watu wengi huchanganyikiwa: wanasikia "inaruhusiwa", hawaulizi inaruhusiwa na nani. Kuendelea kutumia pasipoti ya Tanzania baada ya hapo ni kosa huku kwetu. Wapo wanaofanya, ndiyo, na wengi hawajakamatwa. Lakini hao hawaombi kazi ya ubalozi.

Anayeomba kazi ile anajaza fomu ndefu ya usalama. Wanataka kujua ameishi wapi na na nani kwa miaka kumi nyuma. Wanataka majina ya baba, mama, kaka, dada, walio hai na waliokufa, na wanaishi wapi. Wanauliza pasipoti za nchi nyingine, mali iliyoko nje, akaunti za benki za nje, fedha alizotuma kwa ndugu. Kisha mpelelezi anakwenda kugonga milango ya majirani zake wa zamani. Mwalimu, hii ni meza ya mikopo. Kwa miaka minane niliona watu wakinyimwa mkopo, na wachache sana walinyimwa kwa sababu ya deni. Walinyimwa kwa sababu ya deni walilolificha. Mteja akikwambia "nina mkopo wa SACCOS wa milioni mbili, nalipa laki moja kwa mwezi", unachukua kalamu unapiga hesabu. Asipokwambia, ukaukuta mwenyewe, kila alichokuambia kabla ya hapo kinageuka uongo, hata jina la mke wake unaanza kulitilia shaka.

Kwa hiyo binti yako kukutumia fedha za dawa za mama, kuchangia msiba, kuwa na akaunti ya pamoja na wewe Tukuyu, vyote hivyo si dhambi. Aviandike tu, pamoja na tarehe na kiasi. Baba mwalimu mstaafu hamtishi mtu. Kama kuna ndugu yupo jeshini, usalama au serikalini, amwandike pia. Lakini pasipoti ya pili aliyoificha itamwangusha kabla hata hajafika kwenye usaili wa mwisho, na huku kwetu itamfungulia kesi. Kama ameamua kuapa, arudishe pasipoti yetu ubalozini Washington kwa barua na abaki na nakala ya kupokelewa. Inauma. Mmarekani wa kawaida analipa dola 100 za viza kuingia Tanzania, na siku atakayokuja kulisafisha kaburi la mama yake atazilipa.

Jambo dogo lililojificha kwenye barua yako linanipa wasiwasi kuliko ndugu wote: ile miezi saba. Mwenye grini kadi anaomba uraia baada ya miaka mitano ya ukaazi usiokatika. Akiwa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita mfululizo, wanachukulia kwamba ukaazi umekatika, mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Inathibitishika: benki ilimshikia kazi yake? Nyumba aliendelea kuilipia? Kodi ya mapato aliwasilisha akiwa mkaazi? Karatasi za hospitali za mama na cheti cha kifo ni ushahidi mzuri, vitafute mapema. Na mwulize swali lingine ambalo watu huliona dogo: alipochukua leseni ya udereva kule, aliwahi kuweka alama kwenye kisanduku cha kujiandikisha kupiga kura? Asiye raia akijiandikisha, hata kwa kutojua, ana tatizo kubwa. Kwa mambo haya mawili asijaze fomu mwenyewe. Atafute wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa kule, amlipe, ampe ukweli wote. Mtihani wa uraia wenyewe usimtishe: tangu Oktoba 2025 wanasoma maswali 128, wanaulizwa hadi 20, wapate 12. Mtoto wa mwalimu atapita.

Shamba sasa.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, sisi tuna haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa utaratibu wake maalumu. Na hati ya kimila kama yako inatoka chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo, ambayo ni ya wanakijiji. Kwa hiyo mdogo wako hajasema uongo mtupu. Ila amesema nusu, tena nusu inayompendeza. Shamba ni lako. Uko hai. Binti akiapa kesho hakuna mti hata mmoja wa parachichi unaobadilisha mwenyewe. Swali linakuja siku ya mirathi, na hapo ndipo nakuomba unisikilize vizuri.

Nimekaa kwenye mirathi nyingi za Rungwe na Kyela. Unajua mila zetu zilivyokuwa: ardhi inafuata wanaume, mara nyingine inakwenda kwa mdogo wa marehemu kabla hata ya watoto. Siku hizi hakuna anayethubutu kusimama mbele ya hakimu aseme "huyu ni mwanamke, asipate". Lakini binti akiwa na pasipoti ya nje, sababu imepatikana. Baba mdogo hatasema ni mwanamke. Atasema ni Mmarekani. Simsemi mdogo wako vibaya, simjui. Nasema nimeliona.

Dawa yake ni wosia ulioandikwa sasa, ukiwa na afya na kumbukumbu, mbele ya mashahidi wasiorithi, uhifadhiwe RITA, wakala wa Serikali unaotunza wosia, na nakala ibaki kwa wakili. Ukiwa na watoto wengine ambao ni raia, ardhi yenyewe iende kwao, na binti apewe thamani kwa njia nyingine: nyumba ikiuzwa, fedha, mifugo, au sehemu ya mauzo ya parachichi kwa misimu kadhaa kwa makubaliano ya maandishi na ndugu zake. Usimwandikie ardhi ukitegemea watu watafumba macho, maana hapo umemwachia kesi. Na kama kuna mtu amekwambia muiweke kwenye kampuni, kumbuka kampuni yenye hisa nyingi za wageni nayo inahesabiwa mgeni, na ardhi ya kijiji haihamishwi hivi hivi bila halmashauri ya kijiji.

Mwaka 2024 Serikali ilipeleka bungeni mabadiliko ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje. Si uraia pacha, watu wasikuchanganye. Kabla binti hajainua mkono kuapa, aulize ubalozini Washington, na wewe uliza ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa hapa Mbeya: hadhi hiyo inaombwa vipi leo, na kwa ardhi ya kijiji inampa nini. Jibu lao mlitake kwa maandishi.

Umeniuliza umzuie au umwache. Mtu wa miaka 36 hazuiwi, mwalimu, anaombwa. Mimi ningemwomba mwaka mmoja. Katika mwaka huo aombe kazi ya ukaguzi wa mabenki jimboni, ajiandae vitabuni kwa ule mtihani wa maafisa wa kidiplomasia, maana kujiandikisha kuufanya kunataka awe raia kwanza, na aombe nafasi mbili tatu Benki ya Dunia. Kama mwisho wa mwaka bado anaitaka njia ya kiapo, basi anaitaka kweli, na wewe uwe umeshaandika wosia wako. Wala usimwambie kwamba akiapa amemkana mama yake. Alikaa miezi saba kitandani pa mgonjwa na kuhatarisha uraia huo huo mnaogombana juu yake.

Ukishuka Mbeya kunitafuta, au kwenda kwa wakili mwingine yeyote, beba hati ya kimila yenyewe, si nakala. Beba cheti cha ndoa na cheti cha kifo cha mama. Hati ina jina lako peke yako, lakini kama mlilifungua shamba hilo pamoja na mkalilima pamoja, marehemu alikuwa na jasho lake humo, na watoto wanaweza kuwa na haki kupitia kwake ambayo wewe hukuihesabu. Mirathi ya mama imeshafunguliwa? Kama bado, tutaanzia hapo, kabla ya Marekani.